Taa Ambayo Célestine Hakuiwasha

Mtaa wa Kinu cha Zamani,
Montlieu-sur-Meuse,
Ufaransa.

28 Novemba, 1971

Mpendwa mdogo wangu Gaston,

Pokea salamu tele kutoka kwetu sote huku ukingoni mwa Meuse. Hujambo wewe? Pierrette hajambo? Na ule mgongo wako uliokusumbua wakati wa kiangazi, umetulia, au bado unashuka ngazi kama bata? Tumesikia redioni kwamba theluji imeshawafikia Montreal. Huku kwetu ni ukungu na matope tu, na nguo hazikauki.

Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Mume wangu Firmin anakula vizuri na ananung'unika siku nzima, kwa hiyo naye ni mzima. Mama yuko imara kuliko sisi wote. Miaka themanini na saba, na bado haruhusu mtu mwingine amenye viazi jikoni kwake, eti tunatupa nusu ya kiazi na maganda.

Sasa Gaston, kama umesimama, keti. Nimepigwa na mshangao mwezi huu mara nyingi mpaka sasa nikisikia mtu anakohoa nashtuka. Nimejaribu kukuandikia mara kadhaa nikachana karatasi, maana sikujua pa kuanzia. Ngoja nianze na lile lililokuudhi wewe.

Nakumbuka ulichoandika Septemba. Ulisema mwanao Véronique anataka kuwavua nguo wazee wetu mbele ya watu watakaolipa kiingilio, na kwamba akithubutu kuja Montreal na filamu yake, mlango wako hautamfungukia. Sikukujibu upesi kwa sababu, niseme ukweli, nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wako.

Wewe na mimi tumelelewa katika nyumba ambamo jina la Aurélien Maubray halitamkwi. Wenzetu shuleni wakikariri mashairi yake, sisi tulitolewa nje tukacheze na mawe. Mama mpaka mwezi huu akienda sokoni alilizunguka kanisa zima asije akakanyaga mtaa uliopewa jina la mtu yule. Na mtu yule ni babu yake mzazi! Taifa zima linamwita mshairi mkubwa, sisi hatuna hata picha yake. Alimwacha mkewe, Bibi Célestine, na mtoto mchanga, yule aliyemzaa Mama, akaandamana na mshairi mwenzake Ghislain Tourcelle mpaka Brussels, wakaishi huko wakipendana, wakilewa na kuandika, mpaka wakachokana. Naye Bibi, kama tulivyofundishwa, akawa anawasha taa dirishani kila jioni kumngoja, mpaka siku anakufa. Kila Sikukuu ya Watakatifu Wote tulibeba maua hadi kaburini kwake tukaambiwa hivyohivyo.

Basi mwanao akaifanya hadithi hiyo filamu, akaiita "Taa Dirishani". Siku moja habari zikamfikia Mama. Alinyanyuka, akaenda mezani, akachukua kile kibangili cha mti cha Véronique cha kushikia kitambaa cha kufutia mdomo, chenye jina lake lililochomwa kwa msumari wa moto, akakitia kwenye mtoto wa meza. Jumapili iliyofuata vibangili vyetu vyote vilikuwapo mahali pake, cha kwako pia, ambacho hakijaondolewa tangu uvuke bahari. Cha binti yako hakikuwapo. Véronique alikuja, akaona, akala chakula amesimama jikoni.

Mshtuko wa kwanza niliupata Paris. Véronique alitualika mimi na Firmin kwenye onyesho la wahakiki, siku chache kabla filamu haijatolewa kwa watu. Firmin alivaa suti ya harusi yetu, na vifungo viwili havikukubali kufungwa. Tulidhani tutaona watu wakubwa wakipiga makofi. Hukuniambia, Gaston, wewe uliyeishi Paris, kwamba viti vya sinema za kule hujikunja vyenyewe mtu akiinuka, na vinapojikunja hutoa kishindo. Wahakiki wanalijua hilo vizuri. Mtu muungwana hukishika kiti kwa mkono kisilie. Wao hawakishiki. Mhakiki asiyependa filamu huinuka, akakiacha kiti kilie pa! ili mwenye filamu asikie, kisha akatoka taratibu amevaa koti lake.

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda salama. Wale washairi wawili walikuwa wakigombana, wakipatana, wakitembea kwenye mvua, na nikakiri moyoni kwamba mtoto ana kipaji. Hata zile sehemu ulizoziogopa hazikuniaibisha nilivyotarajia. Kisha ikaja taa. Célestine anaiwasha, analia, anakaa dirishani. Miaka inapita, anaiwasha tena, nywele zina mvi. Nikasikia pa! nyuma yangu. Mara pa! pa! Halafu, Gaston, wakacheka. Watu wazima wenye miwani walimcheka Bibi Célestine kwa sauti.

Véronique alikuwa amekaa kando yangu. Alinishika mkono, wake ulikuwa baridi kama samaki.

"Shangazi, usigeuke," alinong'ona. "Wakikuona umegeuka watafurahi."

Firmin ndiye aliyegeuka. Maneno aliyowaambia siyaandiki katika barua.

Magazeti yalipotoka ndiyo nikajua kwamba vile viti vilikuwa salamu tu. Gazeti la mrengo wa kulia lilisema mwanao amemchafua mshairi wa taifa. La mrengo wa kushoto likasema amemsafisha mno, amemfanya bwana mdogo wa mjini mwenye huzuni. Gazeti la kanisa likawaonya kina mama. Mmoja aliandika kwamba farasi ndiye pekee aliyeigiza vizuri! Hawakupatana juu ya jambo lolote isipokuwa taa. Taa wote waliichukia. Mbaya kuliko wote alikuwa Bwana Armand Quévillon, yule mwenye ukurasa mzima kila Alhamisi. Huyu aliandika: "Filamu hii ina washairi wawili wazima na taa moja mbovu. Mtengenezaji anajua ulevi, anajua mvua, anajua mapenzi. Kungoja hakujui. Mwanamke huyu wa dirishani ni uongo, na nina hakika hata yeye aliyeutunga hauamini."

Nililia kwa hasira. Nikampigia Véronique simu kutoka posta, nikamuuliza kwa nini hakuikata ile taa kama kila mtu anaona haifai.

"Mtayarishaji alitaka tuikate, Shangazi. Mhariri naye alitaka. Nikawaambia mkiikata, na jina langu mlitoe."

"Kwa sababu gani, mwanangu?"

"Ile ni taa ya Baba. Ndiyo hadithi aliyokuwa akinilaza nayo. Nilifikiri akiiona ataacha kunikasirikia."

Ulikuwa unajua hilo, Gaston? Mimi sikulijua. Nilitoka posta nikasahau mwavuli.

Mshtuko wa pili ulikuja Jumapili, kwenye kile kipindi cha redio ambacho wahakiki wanaketi mbele ya watu na kushambuliana kama wachuuzi wa samaki. Sikutaka Mama asikie. Nilikuwa nimeshika kitufe nizime, Mama akanipiga mkononi kwa kijiko cha mti. Tukasikiliza mpaka mwisho, yeye anakoroga mchuzi wa sungura. Mmoja wao akaigiza sauti ya Célestine akilia dirishani, ukumbi ukaangua kicheko. Mama akaacha kukoroga.

"Huyu anayemwigiza bibi yangu ni nani?"

"Ni watu wa Paris, Mama. Waache."

"Nani amewapa ruhusa ya kumcheka?"

"Wanaicheka filamu, Mama. Siyo Bibi."

"Filamu ina uso wa nani?" akauliza. Mchuzi uliungua siku hiyo, jambo ambalo halijatokea tangu vita.

Sasa sikia. Bi. Lecerf, mwalimu wa fasihi anayeongoza klabu ya sinema ya hapa, alikuwa ameialika filamu pamoja na Véronique, na kwa ajili ya majadiliano baada ya onyesho akamwalika nani? Bwana Quévillon huyohuyo. Nilitaka kumnyonga. Akaniambia klabu yake siyo kanisa, haialiki waumini peke yao. Mji mzima ukajiandaa. Mwenye duka la nyama aliapa kwamba mhakiki akitamka neno moja baya juu ya Célestine hatapata njia ya kurudi stesheni. Na Jumamosi mchana, nikiwa navaa kofia, Mama akatoka chumbani kwake amevaa koti jeusi la mazishi na kijitabu chake cha sala mkononi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kule mnakokwenda."

Ukumbi wa klabu uko mtaa gani, unajua mwenyewe. Mama alikanyaga Mtaa wa Maubray kwa mara ya kwanza tangu ubandikwe jina hilo. Alitembea katikati ya barabara, na Firmin akawa anayazuia magari nyuma yetu kama polisi.

Alitazama filamu yote bila kujikuna. Taa ilipowaka hakuna aliyecheka, maana Montlieu tunajua adabu. Kisha Bi. Lecerf akawasha taa za ukumbi, majadiliano yakaanza. Unaikumbuka klabu yetu. Mtu akisema "nina swali", ujue hana swali, ana hotuba. Mwenye duka la dawa alihutubia mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Mwenye duka la nyama akasimama, uso mwekundu, akamwuliza Bwana Quévillon kama aliwahi kungojwa na mtu yeyote maishani mwake, hata na mbwa. Tukapiga makofi.

Bwana Quévillon mwenyewe alikuwa kijitu kidogo chenye mafua, skafu imemzunguka shingo mpaka masikioni. Nilitarajia jitu lenye pembe. Akapenga kamasi, akasema kwa upole kwamba anasikitika kutuudhi, lakini habadili neno.

"Mwanamke anayewasha taa miaka thelathini bila kuchoka, bila kutukana, bila siku moja kusema liwalo na liwe, mimi simjui," alisema. "Nadhani familia ilitunga. Na nadhani ilikuwa na sababu."

Kelele zikazuka. Véronique, kule jukwaani, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyeletwa mbele ya mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa nimeshainuka nimjibu huyo bwana. Nikahisi mkono wa Mama unanivuta gauni, nikae. Akasimama yeye.

"Bwana huyu anasema kweli," Mama alisema.

Gaston, nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwambia keti, Mama. Hakunitazama.

"Bibi yangu hakumngoja. Hakuwasha taa yoyote, mafuta yalikuwa ghali. Na yule bwana," akameza mate, "Aurélien, yeye alirudi."

Ndiyo, alilitaja jina! Bomba la maji moto lilisikika likigonga ukutani.

"Alirudi mwaka wa tatu, mchana, siku ya kufua. Mama yangu alikuwa na miaka mitatu, yuko mezani. Yule mtu akabisha. Akaita, 'Célestine, ni mimi.' Bibi alikwenda mlangoni, akaweka komeo. Akarudi akakaa, akamwambia mtoto, 'Kula supu yako.' Yule mtu aliketi kizingitini. Alikuwa anakohoa, wanasikia kila kikohozi. Kengele za jioni zilipolia akaondoka. Majira hayohayo ya baridi akafa hospitali, peke yake. Bibi aliniambia mwenyewe kwa kinywa chake, karibu na kufa."

Bi. Lecerf alikuwa ameweka mkono mdomoni. Vitabu vyote alivyotufundishia watoto wetu vinasema Maubray hakurudi Montlieu kamwe. Mwenye duka la nyama alikaa chini polepole.

"Kwa nini hukusema, Bibi?" mhakiki akauliza. Hakuwa na kejeli hata chembe.

"Mngemwita mkatili. Watu wa vitabu mngesema yeye ndiye aliyemuua mshairi wenu. Nikaona heri mumfikirie analia dirishani. Mtu anayelia hasumbuliwi."

Véronique alishuka jukwaani. Nilidhani atalia, au atakimbia. Fikiria mwenyewe: miaka minne ya kazi, fedha za watu, mwisho wa filamu umeanguka mbele ya macho yake, na haiwezekani kupiga picha upya. Alikuja akapiga magoti mbele ya Mama kwenye mbao zile chafu.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulimwuliza baba yako."

"Na Baba?"

"Baba yako nilimdanganya mimi," Mama alisema. "Alikuwa mtoto, alitaka kujua kwa nini tunapeleka maua. Nikamwashia taa."

Hapo sikujizuia tena, nililia mpaka Firmin akanipa leso yake, ambayo haikuwa safi. Nilimlilia Bibi Célestine. Nikamlilia hata yule mlevi kizingitini, mimi ambaye sijawahi kusoma shairi lake moja. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani. Tumebeba maua miaka yote hii kwa taa ambayo haikuwako, Gaston. Nikifikiri hivyo usingizi unanipotea.

Tulirudi nyumbani, na mhakiki tukaja naye, maana treni ilikuwa imemwacha na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza. Alikula viazi vya Mama kwa nyama iliyokaushwa kwa moshi mara mbili. Firmin alimwuliza sasa ataandika nini. Akasema filamu bado ina kasoro na hataongopa. Alhamisi iliyofuata aliandika mistari michache tu, kwamba amekwenda Montlieu, ameitazama filamu mara ya pili, taa bado ni mbovu, ila washairi wale wawili amewapenda zaidi kuliko mwanzo, na watu wakaione. Yale ya Mama hakuyagusa. Watu wa Montlieu nao wamefunga midomo mbele ya wageni, na Bi. Lecerf bado anazunguka mjini kama mtu aliyeibiwa. Paris sinema bado zinajaa nusu. Firmin anasema nusu ya Paris ni watu wengi kuliko Montlieu yote.

Na Jumapili, kabla ya supu, Mama alifungua mtoto wa meza mwenyewe. Alikitoa kibangili, akakifuta kwa aproni, akakiweka mahali pake, kati ya changu na cha kwako. Véronique aliketi akala kama mtu aliyetoka kifungoni.

Sasa ninakuja kwako, ndugu yangu, na uniwie radhi nikikusema kama zamani nilipokuwa nakufunga kamba za viatu. Filamu imealikwa Montreal juma la pili la Januari, na Véronique anakuja nayo. Hatakuandikia tena, amechoka kurudishiwa barua. Ameniambia atapanda ngazi zako na kubisha. Wahakiki wa huko nao wataicheka taa, bila shaka, na atakaa kitini asigeuke. Ningependa awe na mtu kando yake wa kumshika mkono, na mimi magoti yangu hayawezi kuvuka bahari.

Sikuombi uipende filamu. Mimi mwenyewe kuna mahali nilitazama dari. Nakuomba ukisikia mtu anabisha, uende mlangoni.

Msalimie sana Pierrette, umwambie jamu yake ya beri ilifika na Firmin ameimaliza kwa kijiko. Wasalimie mwanao Yvonnick na mkewe, na mbusu yule mdogo wao ambaye bado hatujamwona ila pichani. Bi. Lecerf anakusalimu. Mwenye duka la nyama pia, anasema bado unakumbukwa kwa lile dirisha ulilolivunja.

Mungu awalinde na baridi ya huko, awape afya, na aiweke nyumba yenu wazi.

Ni mimi dada yako, ambaye hata ukinuna nakupenda vilevile,

Huguette

Tena: Mama amesimama nyuma ya kiti changu, amenifanya nimsomee barua yote kwa sauti. Nilidhani atanikemea. Anasema niongeze hili tu: siku ile ya komeo supu ilikuwa ya moto, ya kabichi, na hawakuila. Bibi Célestine hakuila na mtoto hakuila. Iliwapoea mezani, wote wawili wakisikiliza mlango.